Miguu ya Steve Winwood

Wanafunzi wangu wa kinanda wanaponiuliza wamsikilize nani kwanza, nawatajia Mwingereza Steve Winwood. Wengi hukamatwa na sauti yake, na si ajabu. Alijiunga na bendi ya Spencer Davis Group kule Birmingham akiwa na miaka 14, kaka yake Muff akipiga besi, na tayari aliimba bluzi kama mtu mzima aliyekwisha kupigwa na maisha.

Mimi nawaambia wasikilize miguu.

Bendi ya Traffic, aliyoiunda na wenzake mwaka 1967, mara nyingi haikuwa na mpiga besi. Jukwaani Winwood aliketi kwenye kinanda cha Hammond, ambacho chini kina safu ya pedali ndefu za mbao, akapiga besi kwa miguu huku mikono ikishughulika na mengine, na bado akaimba. Jaribu siku moja. Mguu lazima uende na dramu, lakini uimbaji mtamu hutaka kuchelewa kidogo, na hivyo viwili huvutana bila huruma. Mimi ilinichukua miezi mingi kuweza wimbo mmoja tu, tena wa polepole.

Naamini hapo ndipo ulipotoka uwezo wake wa kupiga karibu kila kitu, gitaa likiwemo: kinanda kilimfundisha kuisikia bendi yote kwa pamoja. Mwaka 1968 mpiga gitaa Jimi Hendrix alimwita apige Hammond katika “Voodoo Chile”. Mwaka uliofuata ikaja bendi ya Blind Faith, pamoja na mpiga gitaa Eric Clapton na mpiga dramu Ginger Baker. Albamu moja, basi. Kisha mwaka 1980 akatoa albamu yake “Arc of a Diver”, aliyoirekodi katika studio ya nyumbani kwake Gloucestershire, ala zote akipiga mwenyewe. Besi ya pale mimi naisikia ikitembea kama miguu ileile.

Maneno ya nyimbo, hata hivyo, mara nyingi aliwaachia wenzake: enzi za Traffic alikuwa Jim Capaldi, mpiga dramu, na baadaye Will Jennings. Akiwa na Jennings ndipo alipotunga “Higher Love”, iliyoongoza chati za Marekani mwaka 1986 na kushinda Grammy ya rekodi ya mwaka. Safari hii hakujifungia peke yake. Chaka Khan anaitikia, Nile Rodgers yuko kwenye gitaa, na wimbo unafunguliwa na dramu tupu za John Robinson.