Kidole tumbo: msikande, mleteni hospitali

Wanafunzi wa udaktari wanaojitolea hapa hospitalini hufundisha watu kuhusu mwili kwa vitendo. Mezani kuna utumbo wa mbuzi kutoka buchani, sanamu ya plastiki yenye viungo vya kutoa na kurudisha, na glovu kwa kila anayetaka kushika. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Maswali yanayorudi sana pale mezani ni ya kidole tumbo, na nayajibu hapa.

Kidole tumbo ni nini?
Ni kijifuko chembamba, kwa wengi sentimita 5 hadi 10, kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Kikiziba, mara nyingi kwa kinyesi kigumu, huvimba, hujaa usaha na kinaweza kupasuka.

Mbona kwenye utumbo wa mbuzi hakionekani?
Mbuzi hana, wala ng'ombe. Kwa hiyo wanafunzi hukata kidole cha glovu, hukijaza uji, hufunga mdomo kwa uzi, kisha humpa mtu akiminye. Uji ukiruka mezani, watu hushtuka. Laiti kila anayekanda matumbo ya watoto angekiminya yeye mwenyewe.

Nitajuaje kwamba ni kidole tumbo?
Mara nyingi maumivu huanzia kitovuni, na baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia. Hamu ya kula hukata, unatapika, homa inapanda kidogo, ukikohoa panauma. Wanafunzi huwaonyesha watu kupima mstari kutoka mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni. Theluthi ya kwanza ya mstari huo, kuanzia nyongani, ndipo panapouma zaidi. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito dalili huweza kujificha, kwa hiyo msisubiri zitimie zote.

Bibi ni fundi wa kukanda. Akikanda taratibu?
Hapana. Tumbo linalouma hivi halikandwi, si kwa mafuta, si kwa maji ya moto, si taratibu. Shikamoo bibi, lakini hapana.

Basi dawa ya kuharisha, tusafishe tumbo?
Hapana tena. Dawa hiyo huusukuma utumbo kwa nguvu, na kijifuko kilichovimba huweza kupasuka.

Alikunywa dawa ya mitishamba, maumivu yakakata ghafla. Si amepona?
Hajapona! Hili ndilo linalotuumiza wodini. Kidole tumbo kikipasuka, shinikizo hupungua na mgonjwa hupata nafuu ya muda mfupi. Familia inashukuru Mungu, inarudi kulala. Kumbe usaha unasambaa tumboni. Kesho yake tumbo limekuwa gumu kama ubao, homa imepanda, na ndipo bodaboda inatafutwa. Nafuu ya ghafla bila matibabu ni sababu ya kukimbia hospitali usiku huohuo. Narudia: usiku huohuo.

Tunaambiwa ni mbegu za mapera.
Ni nadra mno. Kuleni mapera.

Mke wangu anasema ni chango, atazoea.
Asizoee. Maumivu makali chini ya tumbo kwa mwanamke aliyekosa hedhi yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nayo huua kwa kuvuja damu ndani. Aje leo.

Wale wanafunzi wanaweza kunipima?
Pale wanafundisha tu. Tumbo likikuuma, pita moja kwa moja dharura.

Nikifika niseme nini?
Maumivu yalianza saa ngapi, yalianzia wapi, umetapika mara ngapi, umekula au kunywa nini mara ya mwisho na saa ngapi. Ukishuku kidole tumbo, usile chochote njiani, maana huenda ukaingia chumba cha upasuaji, na chakula tumboni ni hatari wakati wa dawa ya usingizi. Taja pia kila dawa uliyokunywa, hata ile ya kwenye chupa isiyo na jina. Kama ulikandwa, sema. Ukificha, unatuchelewesha tukiwa tayari tumechelewa.