Keki za vijiti: kwa nini zinapasuka, zinateremka na kuvuja

Msimu wa sikukuu ukikaribia, maswali ninayoletewa kuhusu keki za vijiti, yaani madonge ya chenga za keki zilizochanganywa na aisingi (krimu tamu ya siagi na sukari), yakachomekwa vijiti na kuvikwa chokoleti, huwa ni yaleyale. Chokoleti imepasuka usiku kucha. Keki imeteremka kwenye kijiti hadi kwenye vidole vya anayekula. Au kuna katundu kadogo kanakochuruzika mafuta, na pambo lote limeharibika. Mapambo yenyewe hayamsumbui mtu, ingawa ndiyo yanayotuvutia tunapoona picha.

Matatizo yote hayo yana mizizi miwili tu: unyevu wa donge, na tofauti ya joto kati ya donge na chokoleti inayolivika. Mengine yote ni subira na mikono safi.

Vitafunio hivi si vya zamani. Madonge ya keki yaliyovikwa chokoleti yalikuwepo, lakini aliyeyachomeka vijiti yakasambaa duniani ni Angie Dudley wa Marekani, anayejulikana mtandaoni kama Bakerella, mwaka 2008. Tangu hapo kila mtu ana kanuni yake, na nyingi zina kosa moja: aisingi ni nyingi mno.

Kuhusu keki na aisingi

Keki yoyote inafaa, hata iliyobonyea katikati au iliyokatika wakati wa kuitoa kwenye bati. Ninachokataa ni keki ya moto. Iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima ikiwa imefunikwa. Keki yenye uvuguvugu huyeyusha siagi ya aisingi, mchanganyiko ukaonekana laini na kukamata vizuri. Ukishapoa unakuta donge limejaa mafuta. Kata pia ukoko wa pembeni na wa chini kama umekauka, kwa sababu vipande vigumu havisagiki na huja kujitokeza kama chunusi chini ya chokoleti.

Kuivuruga keki, shika vipande viwili uvisugue kimoja kwa kingine juu ya bakuli. Utapata chenga ndogo zinazolingana. Mashine ya kusagia inafanya kazi hiyo haraka, ila ukiiachia sekunde chache zaidi unapata ujiuji badala ya chenga.

Sasa aisingi. Kwa gramu 500 za chenga mimi huanza na gramu 75 za krimu ya siagi ya kawaida, yaani siagi sehemu moja kwa sukari ya unga sehemu mbili kwa uzito. Kisha huongeza kijiko kimoja kimoja, na ni mara chache nivuke gramu 120. Keki iliyotengenezwa kwa mafuta ya maji huwa na unyevu wake, na hiyo huenda ikatosheka na gramu 50. Kwa hiyo kanuni inayokuambia umimine kopo zima la aisingi ya dukani, achana nayo. Ladha itakuwa ya sukari tupu na donge halitasimama kwenye kijiti.

Kipimo cha kweli kiko mkononi. Chukua mchanganyiko kiasi, ukaze ngumi, kisha fungua. Unatakiwa uone alama za vidole zimebaki wazi, kama kwenye udongo wa kufinyangia. Livunje donge hilo vipande viwili: likisambaratika, ongeza aisingi kidogo, likivutika na kuacha mng'ao wa mafuta kiganjani, umezidisha, na dawa yake ni chenga zaidi. Ndiyo maana ninashauri uache akiba ya keki pembeni kabla hujaanza kuchanganya.

Pima madonge kwa mizani. Gramu 25 kila moja zinatoa donge la kama sentimita 3.5, na gramu 600 za mchanganyiko zinatoa madonge 24. Makubwa kuliko hapo huonekana ya kuvutia kwenye trei lakini kijiti hakiyahimili. Likandamize kwanza kiganjani mpaka hewa itoke, ndipo uliviringe. Ukianza kuviringa moja kwa moja utaona nyufa, na ufa wa donge ndio mlango wa mafuta kutokea.

Kijiti

Weka madonge kwenye friji saa moja au mbili, yakiwa yamefunikwa. Kisha chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti iliyoyeyuka, kiasi cha sentimita 1.5, ukichomeke mpaka nusu ya donge na si zaidi. Ukikipitisha hadi juu, donge limepoteza nguvu na litagawanyika. Chokoleti iliyosukumwa nje wakati wa kuchomeka hutengeneza kikola, yaani ukingo kama kola ndogo, kwenye shingo ya kijiti. Usikifute, kwani hicho ndicho kinachozuia keki kuteremka. Rudisha kwenye friji dakika kumi ili gundi hiyo ishike.

Joto

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Kitu kikipoa husinyaa, kikipata joto hutanuka. Ukilitoa donge kwenye friza likiwa limekauka kama jiwe, ukalichovya kwenye chokoleti ya moto, chokoleti inaganda palepale juu ya donge lililosinyaa. Baada ya nusu saa donge linarudi kwenye joto la chumba na kutanuka, wakati ganda la nje halina pa kwenda. Linapasuka. Kama halikupasuka, shinikizo hutafuta sehemu nyembamba zaidi, mara nyingi pale kijiti kinapoingilia, na mafuta ya ndani yanasukumwa nje kupitia hapo.

Basi donge liwe baridi, lisiwe limeganda. Likitoka friji, liache mezani dakika tano hadi kumi. Ukiligusa uhisi ubaridi, na ukilibonyeza kidogo likubali. Toa matano au sita kwa awamu, mengine yabaki ndani. Friza ninaitumia tu muda ukinibana, dakika 15 hivi, na baada yake madonge hupitia friji ya kawaida kwanza.

Chokoleti nayo isizidi kiasi cha nyuzi 40 za Selsiasi ikiwa ni ile ya kuvikia, yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ikiwa ya moto sana inayeyusha gundi ya kijiti na donge linadondokea kikombeni, na ukishaona hilo mara moja utanunua kipimajoto bila kuambiwa.

Chokoleti gani?

Soma maelezo kwenye pakiti. Kama mafuta pekee yaliyotajwa ni siagi ya kakao (na ya maziwa, kwa chokoleti ya maziwa), hiyo ni chokoleti halisi, na inahitaji kurekebishwa joto ili igande ikiwa inang'aa na kukatika kwa mlio. Chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au zaidi kidogo, hupozwa hadi kama 27 huku ikikorogwa, kisha hupandishwa tena hadi 31 au 32. Ya maziwa na nyeupe hufanyiwa kazi nyuzi mbili tatu chini ya hapo. Ukiruka hatua hizi, siagi ya kakao hujipanga vibaya inapoganda, na kesho yake unakuta uso wa keki una mabaka ya kijivu. Inalika bila madhara, lakini huwezi kuiweka mbele ya wageni.

Kama pakiti imetaja mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao, hiyo ni chokoleti ya kuvikia. Haina haja ya hesabu hizo. Kwa utamu haifikii ile halisi, na sitakudanganya kuhusu hilo, lakini kwa mtu anayeandaa keki 50 za sherehe jikoni kwake ndiyo ninayoipendekeza bila kusita.

Iyeyushe kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yaliyochemka na kuzimwa, bakuli lisiguse maji. Kwenye maikrowevu tumia nusu ya nguvu, sekunde 30 kwa mara, ukikoroga kila ukiitoa. Maji ni adui mkubwa. Tone moja la mvuke linatosha kufanya chembe za sukari na kakao zishikane, chokoleti ikawa nzito na yenye mabonge. Hiyo hairudi tena kuwa ya kuchovyea. Itie krimu ya moto uifanye mchuzi wa kumwagia aiskrimu, uanze nyingine. Kwa sababu hiyohiyo usiipunguze uzito kwa maziwa wala kwa siagi, kwani siagi nayo ina maji ndani yake. Tumia mafuta ya nazi yasiyo na harufu, kijiko cha chai kimoja kwa gramu 200. Na rangi iwe ya mafuta. Rangi ya maji ya kawaida ya keki itakuharibia bakuli zima.

Kuchovya

Tafuta kikombe chembamba na kirefu, ukijaze hadi sentimita 8 hivi. Zamisha donge moja kwa moja mpaka chokoleti iguse kijiti na kufunika shingo yote, kisha livute juu moja kwa moja. Usilikoroge kikombeni. Likishatoka, liinamishe kidogo juu ya kikombe, na kwa mkono mwingine gonga taratibu kifundo cha mkono ulioshika kijiti. Usigonge kijiti chenyewe. Utaona chokoleti ya ziada inateremka upande mmoja. Zungusha kijiti polepole kati ya vidole huku ukiendelea kugonga, mpaka matone yakome na uso uwe laini. Angalia shingoni kwa mara ya mwisho. Ukiona pengo hata la ukubwa wa sindano, lizibe kwa tone la chokoleti kwa kutumia kijiti cha meno.

Simamisha keki kwenye boksi la kadibodi ulilotoboa mashimo mapema. Mapema, narudia, si wakati umeshika keki inayodondosha chokoleti mkononi.

Kuhusu mapambo sina mengi. Punje za rangi za kunyunyizia ziwekwe chokoleti ikiwa bado mbichi, na una sekunde chache tu kwa sababu donge la baridi huigandisha haraka. Mistari ya rangi nyingine ichorwe baada ya ganda kukauka kabisa. Rangi mbili zinatosha kwa meza ya sikukuu. Tano zinaonekana kama ajali.

Kupanga siku

Sherehe ikiwa Jumamosi, oka Alhamisi, viringa Ijumaa asubuhi, vika Ijumaa alasiri. Ukitaka kutangulia zaidi, madonge ambayo hayajavikwa hukaa friza mwezi mzima kwenye chombo kilichofungwa vizuri. Yahamishie friji usiku wa kuamkia siku ya kuvika, bila kufungua kifuniko. Keki zilizokwisha kuvikwa, kama ndani ni krimu ya siagi, zinakaa mahali pakavu na baridi siku mbili tatu. Kama ulitumia jibini laini, ni lazima friji. Ukizitoa huko, acha chombo kikiwa kimefungwa mpaka zipate joto la chumba, la sivyo zitatoka jasho na rangi za punje zitachuruzika.

Kwa watoto wadogo chini ya miaka minne ondoa kijiti na ukate keki vipande, maana donge la mviringo linaweza kumkaba mtoto. Kama kuna zenye karanga au lozi, zichovye mwisho kabisa, kwenye kikombe chake, na uziweke kwenye sahani yenye kibandiko, ili wenye mzio wazijue.

Chokoleti iliyobaki kikombeni ipitishe kwenye chujio ili kutoa chenga, imimine kwenye karatasi ya kuokea, iache igande, uivunje vipande na kuiweka kwenye mtungi mkavu. Itakufaa kuchovyea ncha za vijiti safari nyingine.