Je, wajua kwa nini rezista mbili hazitoshi kupima umeme wa ukutani?

Kwa hesabu, mbona ni rahisi. Umeme wa volti 230 hufika kilele cha volti 325 katika kila wimbi, yaani 230 mara 1.414. Unganisha rezista ya megaohmu 1 na ya kiloohmu 10 kwa mfuatano, na kwenye ile ndogo utapata volti 3.2 tu. Pini ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiprogramu isome volti, hupokea hadi 5. Sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba rezista hupunguza volti lakini haitenganishi saketi. Ncha ya chini ya rezista ndogo lazima iungwe na hasi ya bodi (GND, yaani sifuri yake), na ncha hiyohiyo imeungana na waya mmoja wa ukutani. Waya huo ukiwa ni nyutro, mambo yataonekana shwari. Plagi ikigeuzwa, au soketi ikiwa ilifungwa kinyume, hasi nzima ya bodi inakuwa laivu (waya wenye umeme), pamoja na gamba la soketi ya USB unaloligusa kila siku. Chomeka hapo kompyuta yenye ethi, na laivu itakimbilia ethi kupitia waya mwembamba wa USB. Bodi inaungua, pengine na kompyuta yenyewe. Hapo ni heri, maana njia ingeweza kuwa mkono wako.

Hata ile rezista kubwa iko ukingoni. Joto halisumbui, kwani inakula wati 0.05 tu, lakini rezista ya kawaida ya robo wati hupewa kikomo cha volti 250 hivi, hata ohmu zake ziwe nyingi vipi. Umeme ukiruka ghafla, kikomo hicho kinapitwa.

Dawa ni transfoma. Koili zake mbili hazigusani kwa waya wowote. Kinachovuka ni sumaku tu. Kwa anayeanza, chaguo bora ni adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 9 za AC, yaani umeme wa mawimbi kama wa ukutani. Soma kibandiko vizuri: nyingi hutoa DC (umeme usio na mawimbi), na hizo hazifai, kwa sababu wimbi limeshanyooshwa humo ndani.

Adapta ya volti 9 isiyo na mzigo huweza kutoa 11 au zaidi kidogo, kwa hiyo tegemea kilele cha volti 16 hivi. Pitisha kwenye rezista za kiloohmu 100 na 10, nawe unabaki na takriban volti 1.5 juu na chini ya sifuri. Pini haitaki volti za chini ya sifuri, hivyo wimbi linainuliwa: rezista mbili za kiloohmu 10 kati ya volti 5 na hasi hutoa 2.5 katikati, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka hapo hadi hasi huituliza. Ncha ya chini ya kigawanyo (zile rezista za kiloohmu 100 na 10) funga hapo kwenye 2.5, usiifunge kwenye hasi. Wimbi sasa litacheza kati ya volti 1 na 4. Kwa bodi ya volti 3.3, weka kiloohmu 120 badala ya 100, la sivyo vilele vitakaribia mno kukatwa.

Moduli ndogo za ZMPT101B, zenye transfoma ndogo ya kupimia volti, nazo hutenganisha vizuri, ila skrubu zake na madoa ya solda upande wa chini hubeba umeme wa ukutani waziwazi. Ziingie ndani ya boksi la plastiki, fyuzi ikiwa upande wa laivu, na nyaya za volti ndogo zikae mbali na za ukutani.

Kwenye programu, soma pini kila mikrosekunde 500 kwa milisekunde 200. Kwa umeme wa 50 Hz hayo ni mawimbi 10 kamili. Ukikatisha katikati ya wimbi, namba itayumba. Tafuta wastani wa vipimo, uutoe kwenye kila kipimo, kila tofauti ipige kipeo cha pili, tafuta wastani wa hivyo vipeo, kisha kipeuo chake. Tuseme umepata volti 0.98 na multimita inasoma 231 kwenye soketi: kizidisho chako ni 235.7. Unapochukua kipimo hicho, hakikisha waya mwekundu wa multimita uko kwenye tundu la V. Tundu la A karibu halina ukinzani, na kuliingiza kwenye soketi ni sawa na kuunganisha laivu na nyutro kwa mkono.