Kubadilisha mpini wa wembe wa kukunja: kazi iko kwenye kabari

Mpini wa wembe wa kukunja ni mabamba mawili, pini mbili au tatu, na kipande kidogo cha kabari kinachobanwa katikati ya mabamba upande wa nyuma. Wengi huhangaikia mabamba kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Mimi huhangaikia kabari, maana ndiyo inayoamua kama wembe utalala katikati au utagonga pembeni.

Kwanza funika makali kwa utepe, tabaka mbili. Usichokonoe mpini wa zamani kwa bisibisi, utachubua shina la wembe, yaani sehemu nene isiyo na makali ambamo pini hupita. Piga tupa kichwa cha pini upande mmoja mpaka washa, kile kiduara chembamba cha chuma kilicho chini ya kichwa, ing'oke, laza wembe juu ya ubao wenye tundu, kisha sukuma pini kwa msumari mwembamba uliokatwa ncha. Kama mpini ulikuwa wa seluloidi na chuma kimeanza kutu mahali unapolala, usiuhifadhi pamoja na wembe. Seluloidi ikichakaa hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, na hushika moto upesi, kwa hiyo iweke mbali na cheche.

Kwa mpini mpya nachagua mbao ngumu au pembe ya ng'ombe, bamba la milimita 3, ambalo likishapigwa msasa hubaki kama 2.5. Chora umbo la mpini wa zamani, bandika mabamba mawili kwa utepe wa gundi pande zote mbili, kisha toboa na kuchonga yakiwa pamoja. Tundu ni la milimita 1.6, sawa na waya wa pini. Tumia drili ya kusimama, kwa sababu tundu likienda mshazari wembe utaegemea upande mmoja siku zote. Vaa barakoa, vumbi la pembe na mbao ngumu si la kuvuta.

Sasa kabari. Shina la wembe ni nene kuliko nafasi ya nyuma, kwa hiyo mabamba hupanuka kuelekea kwenye egemeo, yaani pini ambayo wembe huzungukia. Kabari lazima ifuate mpanuko huo: nene upande unaotazama wembe, nyembamba upande wa mwisho. Ukiiacha bapa, mabamba hushika kwenye ukingo mmoja tu, na pini ikipondwa bamba hupasuka pale pale. Ikae mahali ambapo wembe ukifungwa ncha haiigusi. Ipige msasa kidogo kidogo, ukijaribu kila mara.

Usipige pini bado. Funga kila kitu kwa skrubu nyembamba na nati, fungua na ufunge wembe mara kadhaa, utazame kwa juu. Makali yakiegemea kushoto, badilisha mshazari wa kabari upande mmoja. Wembe wa zamani wenyewe huweza kuwa umepinda kidogo. Hapo kabari isiyo sawa pande zote ndiyo tiba, wala si kosa la fundi.

Ukiridhika, ng'arisha mabamba kwa msasa wa 220 hadi 2000, mbao uzipake mafuta yanayokauka ndani na nje, kisha kata waya wa shaba ya manjano ubaki kama milimita 0.8 nje ya washa kila upande. Hapa watu wengi huharibu. Waya ukiwa mrefu, haufanyi kichwa, unapinda ndani ya tundu na kupasua bamba. Nyundo iwe ndogo, ya gramu 100 hivi, na mapigo mepesi kama ya kugonga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Piga ukingo wa waya kwa kuzunguka, mapigo machache, geuza wembe, rudia upande wa pili. Kichwa hujitandaza chenyewe kama uyoga mdogo.

Anza na pini za kabari, malizia ya egemeo. Hiyo ya egemeo pima kwa kila mapigo mawili matatu: wembe ufunguke bila kulazimishwa, lakini ukiuacha nusu wazi usianguke. Ukiupitiliza ukakaza, hakuna kulegeza. Ni kutoa pini na kuweka mpya.