Turbo haifi yenyewe: angalia oili kwanza kabla hujakimbilia Kisekka

Ofisi yetu ya ukaguzi wa magari hapa Uganda siku hizi inapokea malalamiko mengi ya moshi, hasa Prado, Surf na Forester zinazopanda barabara ya Kabale na ya Fort Portal. Ukimsimamisha mwenyewe jibu ni moja tu, "afande, turbo imekufa, naenda Kisekka kununua ingine," yaani soko la spea kule Kampala. Ananunua, anafunga, miezi michache moshi ule ule, halafu lawama zote kwa muuza spea.

Tuelewane hapa. Turbo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kwenye gari nyingi shafti yake inaelea tu juu ya utando mwembamba wa oili, na oili yenyewe ni hiyo hiyo ya injini. Ukiipitisha muda, au umemaliza mlima na mzigo ukazima switchi hapo hapo, oili inaungua ndani ya turbo inakuwa makaa na kuziba kapaipu kembamba kanakoilisha. Iache injini iungurume dakika moja au mbili kwanza. Baadhi ya Subaru zina kachujio kadogo ndani ya bolti ya hilo paipu, kakiziba unaweza kufunga turbo mpya hata tatu, zote zitakufa.

Nyumbani anza na rangi ya moshi. Mweusi maana yake hewa haitoshi kwa mafuta yanayoingia, kwa hiyo toa filta ya hewa, ipige mwanga wa simu ndani uone kama haina tundu (wale wanaoipuliza kwa kompresa kila wiki wanaitoboa wenyewe), kisha fuata hozi za raba mpaka intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Palipopasuka utaona vumbi letu jekundu limeganda na oili kama mviringo, na ukikanyaga mafuta pana sauti ya kupuliza. Mara nyingi ni klampu tu, ile pete ya kukaza hozi! Mweupe asubuhi ya baridi si shida, ila usipokoma na maji ya rejeta yanapungua, hiyo sio kazi ya nyumbani.

Wa bluu ni oili inayoungua. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua hozi ya kuingiza hewa kwenye turbo, shika ile nati katikati ya feni yake. Ikicheza kidogo kushoto kulia ni kawaida, ikienda mbele na nyuma au mapanga yamekwaruza ukuta, turbo imekwisha. Ikiwa nzima, angalia hozi ya kupumulia injini, ikiziba presha inasukuma oili kupitia sili za turbo, na mwenye kosa anakuwa turbo. Angalia pia dipstiki, kuna watu wanajaza oili kupita alama wakidhani wanasaidia.

Na tafadhali, hili la makanika kukuambia aiblanki turbo, yaani aizibe isifanye kazi, "ili isinywe mafuta" tumelichoka. Mafuta yanaendelea kuingia kwa kipimo cha injini yenye turbo wakati hewa imepungua, sasa huo moshi mweusi ulitegemea uende wapi? Ukifunga turbo mpya, badilisha oili na filta, jaza oili kwenye tundu la turbo linaloingizia oili, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha kwanza.

Upande wa sheria: gari lenye ubovu wa hatari, wenyewe mnaita DMC (Dangerous Mechanical Condition), askari ana haki ya kulizuia. Ukiandikiwa faini, pata namba ya malipo ya PRN, lipa benki au kwa mobile money, tunza risiti, usimpe askari pesa mkononi hata akikuomba kwa upole. Kulipa faini hakurekebishi gari, ubovu ukibaki unaandikiwa tena.

Wanaoamua kubadilisha injini nzima, ssebo, namba ya injini lazima ilingane na logibuku, kile kitabu cha usajili wa gari. Omba stakabadhi dukani kabla ya kulipa, leta gari likaguliwe, kisha peleka maombi ya kubadilisha kumbukumbu. Usisubiri uje kuuza gari ndipo mnunuzi agundue namba hazifanani, maana hapo tutaanza kukuuliza hiyo injini ilitoka wapi, na bila stakabadhi huna la kutujibu.