Je, wajua kwa nini maduka ya bidhaa moja hubanana mtaa mmoja Chandni Chowk?

Ukishuka metro Chandni Chowk, katika Delhi ya Kale, ukaulizia duka la taa, utaelekezwa mtaa mzima. Bhagirath Palace ni balbu, nyaya na swichi, mlango kwa mlango. Kadi za harusi zipo Chawri Bazar, miwani ipo Ballimaran. Vito vya fedha ni Dariba Kalan, na ukikata kona tu unajikuta Kinari Bazaar, kwenye tarizi, vilemba vya bwana harusi na mashada ya noti. Kwani hawa hawaogopi kunyang'anyana wateja?

Jibu moja limo kwenye historia. Mtaa mkuu wa Chandni Chowk ulibuniwa mwaka 1650 na Jahanara Begum, binti wa mfalme Shah Jahan. Unaanzia mbele ya Ngome Nyekundu hadi msikiti wa Fatehpuri, kama kilomita 1.3, na zamani mfereji wa maji ulipita katikati. Pembeni kulikuwa na katra, yaani ua uliozungukwa na vyumba, ambamo watu wa biashara moja waliishi na kufanya kazi pamoja. Mtoto alirithi ufundi, duka, na majirani pia.

Ila enzi za Jahanara hakukuwa na balbu, na wauza balbu nao wamejipanga vilevile. Basi lazima kuna faida.

Mteja anayewaweka mjini wafanyabiashara hawa si mtalii wa bangili moja. Ni mwenye duka aliyetoka mji mwingine kuja kununua kwa jumla, na hana muda wa kuzunguka Delhi nzima. Anataka kulinganisha bei kwanza, ndipo atoe pesa. Penye maduka mengi ya kitu kimoja ndipo atakapokwenda. Duka lililojitenga, hata likiuza rahisi, hatalifikia. Na muuzaji akiishiwa na aina fulani, humtuma kijana kwa jirani, mauzo yasipotee.

Jambo hili utaliona vizuri Khari Baoli, nyuma ya Fatehpuri, soko la viungo la jumla lililo miongoni mwa makubwa kabisa Asia. Magunia ya iliki, manjano na pilipili kavu yamefunguliwa mdomo. Wapagazi wanapita na mizigo kichwani, na ukipanda ngazi za Gadodia Market vumbi la pilipili linakukaba koo. Hata waliozoea hukohoa. Karafuu zipo pia, zao ambalo India imekuwa ikilinunua Zanzibar tangu karne ya 19. Mnunuzi mjuzi huminya kichwa cha karafuu kwa ukucha aone kama mafuta yanatoka, kisha anavuka kwenda gunia la jirani na kuminya nyingine. Hapo muuza karafuu zisizo na mafuta hana pa kujificha.

Sikubali, hata hivyo, kwamba kubanana huku humpa mteja bei ya chini kila mara. Majirani wa vizazi kadhaa husikilizana, na bei ikipanda duka moja, haichelewi kupanda kwa wenzake.

Tangu 2021 magari na pikipiki haziruhusiwi barabara kuu kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, kwa hiyo utatembea au utapanda riksho ya baiskeli. Mtajie dereva bidhaa unayoitaka, atakufikisha kwenye kichochoro chake. Jumapili usijisumbue, maduka mengi hufungwa.