Je, wajua kwa nini injini ya ndege ya mfano haizimiki ukiiondolea betri?

Siku ukipata nafasi, simama karibu na mtu anayewasha ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, ile yenye injini ya pistoni inayotumia methanoli. Kwanza anabana betri moja ya volti 1.5 hivi juu ya plagi. Anapiga pangaboi kwa kijiti mara mbili, mara tatu, injini inashika. Inanguruma, pangaboi halionekani tena kwa kasi, moshi wenye harufu ya mafuta ya nyonyo unatanda. Hapo anapitisha mkono nyuma ya pangaboi kwa uangalifu, anachomoa ile betri na kuitia mfukoni. Ndege inapaa, inazunguka uwanja dakika kumi, na kilichowasha injini kimebaki chini mfukoni mwa mwenyewe.

Moto unatoka wapi?

Wengi husema kuna betri nyingine ndani ya ndege. Ni kweli ipo, lakini kazi yake ni kulisha kipokezi cha redio na zile mota ndogo ziitwazo sevo, zinazosogeza usukani na kabureta. Haina hata waya mmoja unaofika kwenye plagi. Plagi yenyewe si kama ya pikipiki, haina pengo la kurushia cheche. Chini yake mna kijishimo, na ndani ya kijishimo mna waya mwembamba uliozungushwa kama springi ya kalamu. Betri ikiunganishwa, waya unakuwa mwekundu. Basi.

Mimi sikuwa kwenye kundi la betri ya pili. Nilikuwa na jibu langu, nikalishikilia kwa miaka na kuwaeleza wengine: kwamba mlipuko mmoja huuacha waya ukiwa mwekundu, waya ukawasha mlipuko unaofuata, na mambo yakaenda hivyo, kama mtu anayewasha sigara kwa sigara. Linaingia akilini. Injini ya sentimita 6.5 za ujazo, yenye mapigo mawili, ikizunguka mara 12,000 kwa dakika inalipuka mara 200 kwa sekunde. Waya utapoa saa ngapi?

Tatizo huanza injini inapopunguzwa kasi. Kwenye mizunguko 2,500 milipuko inashuka hadi kama 40 kwa sekunde, tena milipuko dhaifu, kwa sababu kabureta imefungwa karibu yote. Katikati ya mlipuko na mlipuko, ule waya unamwagiwa mchanganyiko mpya, na methanoli ina tabia ya kupoza: inapogeuka mvuke hufyonza joto mara tatu hivi ya lile linalofyonzwa na petroli ya uzito uleule. Kwa hesabu yangu ya zamani, injini ingezimika kila rubani anapojiandaa kutua. Haizimiki.

Kilichonibadilisha hasa ni plagi moja iliyochakaa. Ukiiunganisha na betri waya uliwaka mwekundu vizuri, haukuwa umekatika popote. Injini ilishika. Ukichomoa betri, mlio ulishuka, ukayumba, injini ikafa. Nikaweka plagi mpya, na bila kugusa kitu kingine injini ikanguruma kama kawaida. Nikazilaza zote mbili kwenye kiganja. Waya wa mpya uling'aa kama fedha. Wa zamani ulikuwa wa kijivu, uso wake umekwaruzika na kufifia. Kama kazi ya waya ingekuwa kutunza joto tu, rangi ya uso wake ingehusu nini?

Inahusu kwa sababu waya ule ni wa platini, au platini iliyochanganywa na metali za ukoo wake kama iridiamu na rodiamu, na platini ni kichocheo. Fikiria mshenga. Kuna familia mbili ambazo zingefaana kabisa, lakini hakuna anayeanza kubisha hodi kwa mwenzake. Mshenga anakwenda huku, anakwenda kule, anawakalisha kwenye mkeka mmoja. Ndoa inafungwa, yeye haolewi wala haoi. Kesho yuko tayari kwa posa nyingine. Methanoli na oksijeni ndizo hizo familia. Zikitua juu ya uso wa platini yenye moto, vifungo vya molekuli vinalegea, zinaungana, joto linatoka, kisha mazao ya muungano yanaondoka na kuacha nafasi wazi kwa wengine. Platini hailiwi. Joto linabaki kwenye waya. Kwa hiyo mafuta yaleyale yanayokuja kuupoza waya ndiyo yanayoupasha. Na mkeka ukichafuka, yaani uso wa waya ukifunikwa au kuharibika, mshenga hana pa kuwakalisha wageni.

Hii haina maana kwamba joto la mlipuko halina kazi. Platini iliyopoa haiwezi kuianza kazi hii kwa kasi inayotakiwa, ndiyo maana betri inahitajika mwanzoni. Halafu pistoni inapopanda hubana mchanganyiko, mchanganyiko unapata joto, molekuli nyingi zaidi zinagonga waya, na moto unashika pistoni ikikaribia juu. Hakuna kifaa cha kupanga wakati wa kuwaka. Injini za mapigo manne hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, hivyo waya unapata muda wa kupoa, na plagi zake hutengenezwa ziwe za moto zaidi. Joto na kichocheo huenda pamoja. Kosa langu lilikuwa kukitoa kichocheo kwenye hesabu.

Tabia hii ya platini haikugunduliwa na watu wa ndege. Mwaka 1817 Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliona waya wa platini uliopashwa ukiendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa pasipo mwali wowote. Miaka 130 baadaye, mwaka 1947, Mmarekani Ray Arden aliingiza sokoni plagi ya waya wa platini kwa injini za ndege za mfano, na koili, kondensa na betri za kurushia cheche ambazo ndege ndogo ilibidi kuzibeba zikawa hazihitajiki.

Ukitaka kujaribu nyumbani, kumbuka methanoli ni sumu inayopofusha, na mwali wake hauonekani vizuri mchana.

Kwa kuwa hakuna umeme unaoiwasha injini, hakuna umeme wa kuikatia. Zima redio yote, itaendelea kunguruma. Njia ni kumnyima mshenga wageni: kufunga kabureta kabisa kwa sevo, au kuubana mpira wa mafuta kwa vidole. Ukiubana, mlio hupanda kidogo, mafuta yanapopungua kwenye hewa, halafu kimya.